Waya Uliovaa Pete

Kuna siku moja, mwanangu, naikumbuka kwa pua kabla sijaikumbuka kwa macho. Ni siku niliyomuunguza mjomba wangu mkono wa kulia. Mtaa mzima wa Gerezani walijua kwamba mkono ule uliungua. Kilichouunguza tulikijua watu watatu tu, na wawili wameshatangulia mbele ya haki. Nimebaki nacho peke yangu na kimenichosha. Kaa hapo juu ya boksi la bolti, weka simu pembeni.

Nakuita mwanangu ingawa mtaa wote unajua wewe ni mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu. Mimi nami nililelewa na mjomba, kwa hiyo jambo hili kwetu limeshakuwa kama mila. Na kwanza nikutoe hofu, Jabiri: sikukuita kukugombeza. Nikitaka kugombeza unanijua, nasikika mpaka sokoni kwenye vitenge.

Umewahi kuniuliza, tena si mara moja, kwa nini kiti cha dereva cha ile Landrova hakifanani na cha abiria. Nikakujibu spea zilikosekana. Haya, nilikudanganya. Mzee mzima na kofia yangu kichwani, nadanganya mtoto kwa ajili ya kiti! Sikiliza basi ukweli wake.

Nilikuwa na umri kama wako, pengine chini yako kidogo. Mjomba Selemani alikuwa na karakana hapa hapa Gerezani, mabati machache na shimo la kuingilia chini ya magari, na Landrova hiyo hiyo mnayokwenda nayo porini ilikuwa yake. Ilipeleka maharusi, ilibeba wagonjwa, ilivuta malori kwenye matope. Mjomba aliishi kwa gari lile na kwa mikono yake. Mikono yenyewe, we acha tu! Kabureta alikuwa akiitengeneza kwa kusikiliza: vidole viwili juu ya skrubu, macho amefumba, anazungusha unywele kwa unywele mpaka injini inatulia. Madereva walitoka Morogoro kufuata vidole vile viwili.

Sasa palikuwa na daktari mmoja wa Upanga, mteja wetu, mtu mpole, ana watoto wengi. Huyo bwana alipenda pori kupita kiasi. Kila kiangazi alifunga mahema na masufuria akaenda kulala huko na wanawe wiki nzima, kwa hiari yake, hakufukuzwa na mtu. Sisi tukimcheka. Wazee wetu walitoka Lindi na Rufiji wakaja mjini ili waache kulala chini, na huyu ana kitanda kizuri anakiacha! Hatukumwelewa, lakini tulimpenda.

Mwaka huo akamwambia mjomba anataka kukodi Landrova yetu, na dereva ananitaka mimi. Niliwahi kumkwamua kwenye tope pale bondeni Jangwani mvua ilipomkuta, na hakusahau. Siku aliyokuja kupatana akanipa zawadi, kiboksi cha mbao, ndani yake siga kumi. Siga wewe unazijua kuliko mimi siku hizi: zile sigara nene za majani matupu, kila moja kiunoni imevaa pete ya karatasi, nyekundu kwa dhahabu. Nilikificha kile kiboksi chini ya godoro kama mwizi.

Nilikificha kwa nini? Kwa sababu kwetu mtu havuti mbele ya mkubwa wake. Unajua hilo, umelikuta. Hakuna aliyeliandika popote, na hakuna anayelivunja. Nimewaona watu wenye mvi na wajukuu wakitia sigara mfukoni kwa kuwa kaka yao mkubwa amekatiza mtaa wa pili. Unaigeuza, moto ndani ya kiganja, unasema shikamoo, mkono unaungua, uso unacheka. Tuliiita adabu, na adabu ni kitu kizuri. Lakini kila kizuri kina pahala pake pa kuoza, utaona mwenyewe.

Mjomba aliridhia safari ya daktari kwa sharti moja. Akaniambia, "Idi, kabla hujapeleka watoto wa watu, nenda ukaijue njia. Siku mbili, na ulale huko huko. Njia huijui mpaka umelala nayo." Akanikumbusha yale aliyonifundisha tangu nilipoanza kushika usukani: ukifika kwenye mchanga shuka upunguze upepo wa matairi, ukifika kwenye maji shuka uyakanyage kwa miguu yako kwanza, ndipo gari lifuate. "Anayeona uvivu kuvua viatu," alikuwa akisema, "ataogelea navyo."

Nikamchukua rafiki yangu Chande, kijana wa Ilala, muuza matairi, mwingi wa maneno na mwoga wa nyani. Alfajiri tukatoka, tukaipita Pugu, tukaipita Kisarawe, tukaiacha barabara kubwa tukaingia njia za wachoma mkaa milimani. Mwanangu, sitakudanganya mara ya pili: ilikuwa raha. Ile unashika kijiti chenye kichwa chekundu, unaingiza gia ya mlima, gari linaguna, linapanda korongo taratibu, pua inatazama mbingu, huioni njia, unaisikia tu kwenye makalio. Chande alisoma kila dua aliyoijua, na alipomaliza akazirudia. Tulipofika juu tukacheka mpaka machozi yakatutoka. Nikamwelewa daktari siku hiyo. Kuna kitu mjini kinakukaa mabegani, na pale juu kinashuka.

Tukapiga hema pembeni ya kijito. Tukachemsha chai, tukachoma mihogo. Ilikuwa baada ya alasiri, upepo mzuri, ndege wanalalama. Nikakitoa kiboksi. Chande akasema, "Oya, leo sisi ndio madaktari!" Tukawasha. Mimi nimekaa kwenye kiti cha dereva, mlango wazi, mguu mmoja nje, moshi unapanda polepole, mzito, una harufu ya ngozi mpya na asali iliyoungua kidogo. Nilijiona nimefika, nimekuwa mtu na watu.

Ndipo nikamwona mjomba anatokea kwenye kona, anakuja kwa miguu.

Mtume! Mjomba Selemani niliyemwacha Gerezani! Kanzu ameikunja mpaka magotini, viatu mkononi, kijifurushi kwapani. Sikuwaza. Mkono ulifanya wenyewe, kama ulivyozoea toka utotoni. Kile kiti kilikuwa kimechanika pembeni. Enzi zile sponji haikupatikana, viti tulivijaza usumba, zile nyuzi za makumbi ya nazi. Nikaitumbukiza siga kwenye ule mchaniko, nikaisukuma ndani, nikaruka chini.

"Shikamoo mjomba!"

"Marahaba."

Chande, masikini, yake aliirusha kijitoni, lakini moshi ulikuwa umeshamjaa kinywani. Akajaribu kuubana. Akasema "Shikamoo," na moshi ukatoka kwa pua zote mbili.

Mjomba akamtazama kwa utulivu. "Marahaba, Chande. Una mafua?"

"Ndiyo mjomba. Mafua."

"Pole sana."

Hapo ungetuona ungecheka. Mimi mwenyewe moyoni nilikuwa nacheka. Nikamkaribisha chai, akanywa. Akasema tangu tulipoondoka roho yake haikutulia, amekumbuka hozi ya breki ya mbele ni ya zamani, imeshaanza kupasukapasuka, na milima hii si ya kuchezea. Basi akanunua mpya, akadandia lori la mkaa linalorudi tupu, likamshusha njia panda, akafuata alama za matairi yetu kwa miguu. Akafungua kifurushi. Hozi mpya, na mkate wa mofa aliotuletea.

Mimi nilidhani amekuja kunichunga. Kumbe mzee wa watu ametembea vilima vile ili nisife. Hilo peke yake lingetosha kunifanya nipige magoti niseme, mjomba, nilikuwa navuta, na siga iko pale. Na alinipa nafasi, mwanangu. Alinitazama machoni, akasema, "Mko salama? Hakuna la kuniambia?"

"Hakuna, mjomba."

Akatikisa kichwa. "Haya. Lete jeki."

Chande tukamtuma maji. Nikaliinua gari, nikatoa gurudumu la mbele, nikajilaza chini na spana. Mjomba akakaa juu ya jiwe, ananipa vifaa, ananiuliza habari za njia. Na mimi huko chini, wallahi, niliikumbuka ile siga. Nikajiambia imeshakufa. Sigara ya kawaida ukiiminya inazima. Sikujua kwamba siga haizimi hivyo, inalala tu, na nimeilaza kwenye usumba. Na tangi la petroli la Landrova ile, wewe unaliendesha unajua, liko wapi? Chini ya kiti cha dereva. Mimi fundi! Nililijua tangi lile kama ninavyojua mfuko wa shati langu. Lakini aibu ilikuwa imenikaa machoni, sikuona kitu. Waliosema kikulacho ki nguoni mwako hawakukosea.

Nikasikia jiwe limesukumwa. Kisha mikono ikanishika vifundo vya miguu, nikaburutwa kwenye changarawe mpaka mgongo ukachubuka. Sauti ya mjomba sikupata kuisikia vile kabla wala baada: "Toka! Toka, Idi!"

Moshi mzito wa njano ulikuwa unamiminika mlangoni. Angeweza kukimbia. Nilikuwa nimeshatoka, yeye yuko nje, gari liungue likitaka. Lakini mimi nilikuwa bado niko chini, sijasimama, hatua mbili kutoka kwenye tangi, na yeye alijua sitawahi. Akaingiza mikono miwili akakinyanyua kile kiti. Kilipopata upepo kikawaka. Plastiki ya juu ikayeyuka ikamganda kiganjani, na bado hakukiachia mpaka alipokibwaga mchangani mbali na gari. Nikakirundikia mchanga kwa mikono, nalia kama mtoto. Chande akaja mbio na maji, tukamwagia mkono.

Sasa sikiliza kilichonitoka kinywani. Mkono wa mjomba umechunika ngozi, na mimi nikasema, "Mjomba, labda ni waya. Waya umepiga shoti."

Ndiyo. Nilisema hivyo. Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu siku hiyo haikuwa hata na urefu wa hatua tatu.

Mjomba akaenda pale penye kile kiti, akachokoachokoa usumba ulioungua kwa mkono wa kushoto, akaokota kitu. Akarudi, akanifungulia kiganja, akakiweka ndani. Kipande cha siga. Pete yake ya karatasi nyekundu kwa dhahabu haikuungua hata kidogo.

"Waya gani huu, mpwa wangu," akaniuliza, "uliovaa pete?"

Angenipiga ingekuwa nafuu. Nilitamani ardhi ipasuke.

Tukarudi mjini. Nilifunga ile hozi mpya, gurudumu likarudi, nikaendesha nimekalia debe lililopinduliwa pale penye kiti. Mjomba kakaa pembeni, mkono umefungwa kwa kitambaa kibichi kilichochanwa kwenye kanzu yake mwenyewe, midomo imemkauka. Tukafika kijito kikubwa. Nikataka kupita moja kwa moja nimuwahishe hospitali.

"Shuka," akasema. "Kayakanyage maji."

Nikashuka. Nikavua viatu, nikayapima kwa miguu yangu, huku nalia. Nilipopanda tena akasema maneno ambayo mpaka leo nikiyataka usiku au mchana nayapata kamili.

"Idi, harufu niliisikia tangu kwenye kona. Nilijua mnavuta, na yule mwenzio pua zake zilinipa salamu. Sikusema. Nikasubiri useme wewe. Nikaona nikikuumbua mbele ya rafiki yako nitakuvunjia heshima. Wewe ukaninyamazia kwa heshima, mimi nikakunyamazia kwa heshima, na moto ukatushukuru wote wawili. Sasa nieleze: ungenionyesha ile siga, ningekufanya nini?"

"Ungenigombeza, mjomba."

"Ningekugombeza. Sana. Karipio linaunguza nini?"

Nikatazama mkono wake.

"Umenificha moshi," akasema, "ukanipa moto. Siku nyingine nipe moshi." Akafumba macho. "Endesha."

Yule daktari wa Upanga alimtibu mwenyewe. Kiganja kilipona, ila vile vidole viwili, vile vya kabureta, vilikakamaa, havikukunjika tena mpaka anaingia kaburini. Watu wakimuuliza umefanyaje, mzee alikuwa akijibu "Moto," basi, anageukia kazi. Jina langu halikutajwa, na hakupata kunisimanga hata siku alipokuwa na hasira zake. Tukafunga kiti kingine tulichokipata kwenye gari lililokufa. Ndicho hicho unachokikalia.

Nilidhani safari ya daktari imekwisha na karakana nimefukuzwa. Siku ya siku mjomba akanirushia ufunguo mbele ya watu, akasema, "Dereva, watoto wanasubiri." Nililia tena. Ujana wangu, kama unavyoona, ulikuwa wa machozi mengi kuliko ninavyoonyesha. Nikawapeleka, nikawarudisha salama, na kila kijito nilivua viatu.

Na kuanzia hapo nikawa vidole vyake. Gari likija, mjomba anasimama kando amefumba macho, anasikiliza, ananiambia, "Robo... robo tena... rudi unywele. Hapo." Mimi nazungusha. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kazi hii inayotulisha. Watu wanasema nimerithi ufundi wa Selemani. Hawajui nimerithi kwa bei gani.

Nikumalizie kipande kimoja. Miaka mingi baadaye, mimi nimeoa, nina watoto, ndevu zimeanza kubadilika, mjomba aliniomba nimpeleke tena pale kwenye kijito. Amezeeka, anatembelea bakora. Nikamtandikia mkeka, tukanywa chai. Akaingiza mkono mfukoni akatoa kile kiboksi cha mbao. Kumbe alikichukua siku ile, akakaa nacho miaka yote. Akanifungulia kwa ile mikono yake. "Washa," akasema.

"Mjomba, siwezi."

"Washa, nikuone."

Njiti tatu za kiberiti zikazima. Siga yenyewe ilikuwa imekauka, inakwaruza koo, haina hata utamu. Nilivuta mara mbili mbele ya macho yake, macho yangu chini. Akasema, "Haya. Sasa nakujua mzima mzima." Akaniambia inatosha, inanuka vibaya, niizime, na niizime sawasawa. Nikaizima kwenye maji ya kijito, yeye akasimamia mpaka mwisho. Aliondoka duniani kabla ya masika yaliyofuata.

Sasa turudi kwako. Jumanne nilipanda ngazi za chumbani kwako ghorofani kukuletea ile spana ya magurudumu uliyoisahau hapa chini. Unajua mimi napanda huku nakohoa, mapafu yangu ni kengele ya mlango. Nikasikia kiti kimesukumwa, dirisha limefunguliwa, marashi yamepulizwa mpaka kwenye korido. Naingia, kijana umesimama wima kama unaimba wimbo wa taifa, mfuko wa hema umeubana nyuma ya miguu. "Shikamoo mjomba." Nikakujibu marahaba, nikaweka spana mezani, nikashuka. Na kila ngazi niliyoshuka, mwanangu, nilikuwa narudi Kisarawe.

Nilifika hapa chini nikakaa. Nikasema, Idi, unafanya yale yale ya mjomba. Umesikia harufu, umejua, umenyamaza, unamsubiri mtoto aseme. Wahenga wanasema penye wazee haliharibiki neno. Sawa, lakini wazee wenyewe wawe na mdomo! Nikapanda tena, umeshatoka. Nikaufungua ule mfuko. Hema lina tundu la kupitisha kidole, na siga ilikuwa bado ndani, ina joto. Ghorofa nzima ile, na watoto wa Mama Asha, jirani yako, wamelala chumba cha juu yako.

Nilikaa kitandani kwako, hema magotini. Sikuwa na hasira. Nilimwona dada yangu aliyeniachia wewe.

Kwa hiyo sikusubiri useme. Nasema mimi. Najua mnavuta siga huko porini, wewe na wenzako. Sisemi siga ni dawa. Daktari wetu mwenyewe aliondoka duniani akikohoa, na mimi kikohozi changu unakisikia. Ningependa uache. Lakini wewe ni mtu mzima, kifua ni chako, na kama utavuta, basi nasaha yangu ni hii, mengine yote ni spea tu: usinifiche moshi. Adabu ni kuweka ile siga kwenye bati, uiache wazi, uniamkie, na mimi nitaguna, nitakununia siku mbili, yataisha. Kukificha kitu kinachowaka mahali ulalapo, hapo adabu imeshaoza, imebaki aibu tu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mara nyingine kifo hakimchukui yeye, kinamchukua aliyekuja kumletea mkate. Na si siga peke yake. Kazi ikikuharibikia, binti wa watu akikulilia, ukigonga gari, ukikosea popote, njoo kwangu jambo likiwa bado moshi. Vua viatu, yakanyage hayo maji, niambie yana kina gani. Usije ukaniita wakati tangi limeshashika.

Na mimi najifunga hapa mbele yako: nikisikia harufu nitasema. Sitakustahi mpaka ukaungua.

Kile kiboksi hicho hapo. Ndani kuna siga saba ngumu kama kuni, usithubutu kuziwasha, na kile kipande chenye pete. Kaa nacho wewe sasa. Ufunguo wa Landrova huu hapa, Jumamosi nendeni. Hema nimelishona tundu lake kwa uzi mwekundu, na nilikuwa na uzi wa rangi yake, ila nilitaka uone.

Nenda, mwanangu. Mungu akufungulie njia na akufungie shari. Akupe mikono mizima na mtu wa kukuburuta miguu pale usipoona. Baba zako walio mbele ya haki wawe radhi nawe, na mimi niko radhi nawe, tundu na yote. Jumapili ukirudi usijipulize marashi ngazini. Panda hivyo hivyo, na moshi wako, useme shikamoo.